Sauti ya Mwanamke Katika Ghala la Samaki

Mimi ni mtu wa wivu na sijawahi kuona haya kulisema. Nimewaonea wivu majirani kwa mabati yao mapya, nimemwonea wivu wifi yangu kwa meno yake. Lakini wivu ulionikondesha, ulionifanya nisahau chumvi kwenye mboga, niliuona kwa ajili ya mwanamke ambaye sikuwahi kumtia machoni. Alikuwa sauti tu. Sauti ilikaa ndani ya mashine, mashine ilikaa ndani ya ghala la Mgiriki pale Nchelenge, kando ya ziwa, na mume wangu alikuwa akienda kuisikiliza.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, nami nilikuwa mke mpya. Mume wangu alikuwa fundi wa mashua za mbao. Kabla ya kunioa alikuwa amefanya kazi Elisabethville, mji mkubwa wa ng'ambo ya mpaka, kwa mtengeneza samani, na waliorudi naye walisema kulikuwa na mwanamke kule. Walisema angemwoa kama ndugu za yule mwanamke wasingekataa. Mama mkwe wangu ndiye aliyemwita nyumbani, akamtafutia mke, na huyo mke nikawa mimi. Hayo yote niliyajua kabla ya kukubali posa. Nilikubali kwa sababu nilimtaka, nikajiambia kwamba Elisabethville ni mbali.

Hofu yangu ilikuwa hiyo moja, nayo nililala nayo na kuamka nayo: kwamba siku moja mji ule utamwita, naye ataitika.

Lori lilikuja wakati wa kiangazi, barabara ikiwa imekauka. Lilishusha picha zilizofungwa kwa blanketi, na vijumba vidogo vilivyotengenezwa kwa mbao nyembamba na karatasi ngumu, vyenye paa bapa na kuta za kioo. Tuliambiwa kwamba kule Elisabethville inajengwa nyumba ya makumbusho ya mtindo mpya, ya picha za kisasa na majengo ya kisasa, na kabla haijafunguliwa vitu vyake vinatembezwa ili watu wavione. Mgiriki aliyekuwa akinunua samaki wetu alitoa ghala lake. Walilifagia, wakalipaka chokaa, wakazitundika picha kutani. Harufu ya samaki mkavu haikutoka. Nadhani picha zile zilikwenda nayo hadi makumbusho.

Jambo lililowavuta watu halikuwa picha, bali visikilizo. Nyuma ya ghala palinguruma injini ya umeme, na ndani palikuwa na mashine yenye magurudumu mawili ya utepe. Ulivaa chuma kichwani, chenye vifuniko viwili vya masikio, ukapita mbele ya picha moja baada ya nyingine, na sauti ikakueleza unachokiona. Waya ulikuwa mrefu, ukimfuata mtu kama kamba ya mbuzi. Kulikuwa na visikilizo vya Kibemba, alikosema mwanamume mwenye sauti ya kutangaza mnada, na vya Kiswahili kwa ajili ya watu wa ng'ambo na wachuuzi wa kisiwa cha Kilwa, Kilwa hii ya ziwani kwetu. Huko alisema mwanamke.

Mume wangu alikwenda siku ile ile ya kwanza. Nyumbani tulisema Kibemba kama watu wote, lakini Kiswahili nilikijua kwa kuuza samaki, naye alikileta kutoka mjini, na akiwa amefurahi alipenda kukisema nami. Alirudi akikisema tangu mlangoni.

"Kuko nini mule?" nikamuuliza.

"Mapicha. Na manyumba ya kidogo-kidogo. Unavaa kile kintu ku masikio, kiisha mwanamuke anakuelezea."

"Mwanamuke gani?"

"Wa mu mashini."

"Anakuambia nini?"

"Anasema: simama kwanza. Angalia pole-pole, usikimbie. Kiisha njo anakuambia."

Akacheka peke yake, akaenda kunawa. Mimi nikabaki na mwiko mkononi. Mwanamke anamwambia mume wangu asikimbie! Kwani amemkuta akikimbilia wapi?

Kesho yake akaenda tena. Kesho kutwa pia. Ufukweni palikuwa na mashua ya mvuvi mmoja wa Kilwa, mbavu nje, mwenyewe amekaa juu ya gogo akingoja fundi, na fundi yuko ghalani na chuma kichwani. Nilipitia pale nikijifanya nakwenda kununua sabuni. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona amesimama mbele ya picha, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayenong'onezwa. Halafu akatabasamu.

Hilo ndilo lililoniuma. Mume akisimama na mwanamke njiani, unaweza kupita karibu, ukakohoa, ukasikia wanasema nini. Ukitaka ugomvi, mtu wa kugombana naye yupo. Hapa nilikuwa natazama tabasamu ambalo sababu yake ilikuwa ndani ya masikio ya mtu mwingine. Watu wote ghalani hawakusikia kitu. Walikuwa wawili tu, yeye na huyo mwanamke, katikati ya mchana, mbele ya macho ya kijiji kizima.

Nikaenda kwa shangazi yangu, dada wa baba, ambaye kwetu huitwa mayosenge. Inabidi nieleze alikuwa nani. Kwetu, msichana akikomaa, akina mama humtia ndani na kumfundisha ndoa. Humfundisha kwa vitu: sanamu za udongo na michoro ukutani, nyeupe, nyekundu na nyeusi. Vitu hivyo huitwa mbusa, na kila kimoja kina wimbo wake na maana yake. Mama anayefundisha huitwa nachimbusa. Humwonyesha msichana mchoro, humwacha autazame, ndipo humwimbia maana yake. Mwanamume haingii. Wamisionari walikuwa wakikasirika wakisikia habari hizo, kwa hiyo akina mama walizidi kuzificha, na Jumapili walikwenda kanisani kama kawaida. Shangazi ndiye aliyekuwa nachimbusa wangu.

Nilimwambia kila kitu. Tulizungumza Kibemba, lakini nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili cha soko letu, ambacho naye alikijua vizuri, maana alikuwa ameuza samaki mkavu kuanzia Mununga mpaka Kilwa.

"Ngoja, mwana," akasema. "Kuko michoro ku ukuta?"

"Iko, ba mayosenge."

"Na mwanamuke anasema mana yake?"

"Ndiyo, mukwai."

"Anaacha mutu aangalie kwanza, kiisha anasema?"

"Njo vile."

"Na wenye kusikiliza ni banaume?"

Nilipoitikia, akasimama. Sijawahi kumwona mtu mzima akijifunga kitenge kwa haraka vile. Kwa akili zetu jambo lilikuwa wazi kabisa: kuna mwanamke wa mjini ameiba mbusa zetu, amezitia kwenye mashine, na anawafundisha wanaume katika ghala la samaki. Mimi nililisadiki kuliko yeye. Nilitaka liwe hivyo. Mwizi wa mbusa angefukuzwa na akina mama wote wa Nchelenge, na mimi nisingehitaji kusema kwamba nina wivu.

Tulipofika, mume wangu alikuwa ameondoka. Ghalani alikuwapo mwendesha mashine peke yake, mwanamume mwembamba wa Elisabethville, shati safi, macho ya mtu aliyechoka na vumbi la barabara. Shangazi hakumsalimu. Alinyoosha mkono apewe visikilizo vya Kiswahili.

Alipita picha zote. Nilimtazama kwa makini. Nilingoja achomoe kile chuma, apige kelele. Akasimama mbele ya mtu mwenye jicho shavuni. Akasimama mbele ya samaki waliochorwa kwa vitone tu, wengi mpaka picha haina pa kupumulia. Akainama kuchungulia ndani ya kijumba cha kioo, na hapo, bila shaka bila kujijua, akasema kwa sauti, "Ee mukwai," kama mtu anayeitikia mazungumzo. Nikajua nimeachwa peke yangu.

Alivua chuma taratibu, akakifuta kwa kitenge, akamrudishia mwenyewe.

"Habiko bintu byetu," akaniambia. "Hakuna hata kimoja. Ni manyumba na masamaki."

"Basi ni uchafu wa nini?"

"Hapana uchafu. Ule mwanamuke anajua kufundisha. Haharakishe mutu." Akafikiri kidogo, kisha akaongeza neno ambalo ningelipenda alimeze. "Anasema sawa vile anasema na mutu moya tu."

Yule mwendesha mashine alicheka, akafurahi kweli.

"Bote banasema vile, mama. Ni bibi yangu."

Moyo wangu ukatua. Nilitaka kumkumbatia mtu yule. Ni mke wake! Mwanamke ana mume, mume huyu hapa, ana shati safi, yote yamekwisha. Shangazi naye akalegea, akaanza kuuliza habari za nyumbani kama ilivyo adabu: mke hajambo, watoto je. Mwenyewe akajibu kila swali, mtu aliyekosa wa kuzungumza naye kwa muda mrefu.

"Eko muzima, batoto pia. Kumbe hapa kuko na ndugu yake. Fundi moya wa mashua, anakuja kila siku. Siku ya kwanza alivaa tu, kidogo akavua, akaniuliza kama huyu ni fulani. Jina yenyewe, mie sikumwambia! Akaniuliza kama eko muzima, kama alizala. Nikamwambia. Akasema asanti, akavaa tena."

Shangazi alinishika kiganja, akakibana.

"Fundi muzuri," mtu yule akaendelea. "Alitutengenezea mbao za picha, zilivunjika mu njia. Nimemwambia akuje na sie. Kule ku makumbusho banatafuta bafundi. Atapata kazi, atapata nyumba."

"Alijibu nini?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Anasema atafikiri. Sie tunaenda kesho asubui."

Sikulia. Nilimwomba visikilizo.

Shangazi alinikataza kwa macho, lakini nilikwisha kuvaa. Kwanza nilisikia mvumo, kisha pumzi, pumzi kabisa ya mtu anayejitayarisha kusema, nikashtuka kama aliyeguswa shingoni. Halafu akasema. Ilikuwa sauti ya chini, isiyojipamba, yenye kicheko kilichokaa karibu. Aliniambia nisimame. Nikasimama. Aliniambia niangalie taratibu, na mimi, niliyekuja nikiwa na matusi yote tayari, nikaangalia taratibu. Alinieleza kwamba mjenzi wa kile kijumba cha kioo alitaka watu walio ndani wasisahau walio nje. Alinieleza kwamba mchoraji wa samaki aliweka vitone vingi kwa sababu hakutaka maji yaonekane matupu. Nilielewa. Nilitaka aniambie zaidi. Kama angekuwa mjinga, au mwenye maringo, au mwenye sauti ya puani, ningemsamehe. Lakini alikuwa mzuri, na nilimchukia kwa sababu hiyo hasa.

Picha ya mwisho ilikuwa ya mashua iliyovutwa mchangani. Nilijua ndipo aliposimama mume wangu siku nilipomwona.

"Hii mashua," sauti ikaniambia, "mutu wa ovyo ataona rangi. Weye angalia fasi mbao mbili zinakutana. Kama pale hapapite maji, fundi alikuwa na roho ya kutulia."

Maneno hayo nilikuwa nayajua. Yalikuwa ya mume wangu. Aliniambia mwenyewe, ufukweni, wakati wa uchumba, huku ameushika mkono wangu na kuupitisha juu ya mbao nipapase zinapokutana. Alisema: mtu wa ovyo ataona rangi. Nilidhani ameyasema kwa mara ya kwanza duniani na kwamba ameyasema kwa ajili yangu. Kumbe alikwisha kuyasema kule, na kule yalipokelewa yakatunzwa, yakatiwa kwenye mashine, na sasa kila mchuuzi wa Kilwa alikuwa akinong'onezwa maneno ya posa yangu.

Nikavua chuma. Mwendesha mashine akaniuliza kama nimependa.

"Nimependa," nikasema, na huo ulikuwa ukweli.

Njiani shangazi alitembea mbele, akaongea bila kugeuka. "Usimuulize kintu. Mwanamuke haulize mambo ya mbele ya ndoa. Pika. Atakula, atalala, atajua nyumba yake iko wapi."

Alikuwa amenifundisha hivyo hivyo nilipokuwa ndani, na kwa wimbo wake. Nikapika. Mume wangu akala. Niliona anayo maneno, na niliona hayasemi. Sikuuliza, lakini shangazi hakunikataza kufanya kazi za nyumba. Nikalitoa sanduku lake la zana. Nikazifuta patasi moja moja kwa mafuta, nikaipanga nyundo, msumeno na randa, nikalifunga kwa kamba na kuliweka mlangoni. Juu yake nikaweka shati lake la kanisani, limekunjwa. Yeye alikuwa amekaa pale pale, akinitazama tangu patasi ya kwanza mpaka kifungo cha shati.

"Ya nini hii?" akauliza.

"Fundi anatembeaka na bintu yake," nikamjibu.

Kama anataka kwenda, aende, lakini asiseme nilimshika nguo. Hayo niliyajiambia kwa kiburi, na kifua kilikuwa kikiniuma kama mtu mwenye vichomi.

Asubuhi akaamka mapema. Akasimama juu ya lile sanduku kitambo. Shati akaliacha, sanduku akalibeba, akatoka. Nilibaki ndani nikichekecha unga wa muhogo ambao nilikuwa nimekwisha kuuchekecha. Nilisikia injini ya lori ikikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Nilisikia watoto wakilikimbilia wakipiga kelele. Nilisikia likipanda kuelekea barabara ya Mwansabombwe, likipunguza mwendo, likiendelea, na kelele za watoto zikirudi bila lori. Niliketi chini kwenye unga. Nilimwona kabisa: amekaa juu ya picha zilizofungwa blanketi, sanduku katikati ya miguu, uso umeelekea mbele. Nikamwona anashuka, na mwanamke yule anatoka mlangoni kumpokea, na kwa kuwa sikuujua uso wake nilimpa meno ya wifi yangu.

Kisha nikasikia nyundo ufukweni.

Sikukimbia kuhakikisha. Nani mwingine alikuwa akigonga vile, mara mbili na kunyamaza? Niliinuka, nikajikung'uta unga, nikampika mpumbu, samaki wa ziwani kwetu, mkubwa kuliko wote niliokuwa nao, kwa nyanya na chumvi ya kutosha.

Jua lilipokuwa utosini akaja kula. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Nilimpa maji ya kunawa, nikapiga goti nikamwandalia bukari, ugali wetu wa muhogo, na samaki, nikakaa kando kama nilivyofundishwa. Alikula kwa hamu. Niliyatii maneno ya shangazi kadiri nilivyoweza, nayo haikuwa kadiri kubwa. Niliuliza kwa Kiswahili, lugha ya yule mwanamke, ili anijibu kwa lugha hiyo hiyo.

"Sauti yake iko namna gani, unavyoisikia sasa?"

Hakuuliza ya nani. Hakushtuka. Alitafuna akameza.

"Haikubadirika," akasema.

"Na ya kwangu?"

Akauchomoa mwiba kutoka kwenye mnofu, akauweka kando ya sahani.

"Ya kwako ninaisikiaka kila siku."

Tulikaa pamoja mpaka uzee, tukazaa, tukazika, tukajenga nyumba ya matofali, na sijui mpaka leo kama siku ile alinisifu au alilalamika. Ningeweza kumuuliza mara elfu. Kila nilipojaribu niliogopa atanieleza vizuri. Sasa amekufa, na mwanamke yule, kama bado yuko hai, hajui hata kwamba mimi nipo.

Lakini mchana ule, alipokwisha kunijibu, mume wangu akaisogeza sahani kidogo kuelekea chungu, kama alivyozoea akitaka samaki zaidi. Samaki alikuwapo, tena upande wenye mafuta. Nikafunika chungu.